Rafiki wa Steringi

Tulipokuwa watoto tukienda kwenye banda la video, sheria zilikuwa mbili. Steringi hafi. Rafiki wa steringi lazima afe, tena afe katikati, mara nyingi muda mfupi baada ya kutoa mfukoni picha ya mchumba wake na kuiangalia. Mtu akichelewa kuingia hakuuliza habari ndefu. Aliinama kwa jirani yake gizani, akanong'ona, "Rafiki yake keshakufa?" Akijibiwa, alijua picha imefika wapi.

Sasa nina mvi, naishi hapa Shirimatunda, Moshi, na nimegeuka mtazamaji wa ajabu: picha naitazama kwa sababu ya yule rafiki. Steringi ni kazi nyepesi kumtunga. Mpe koti zuri, maneno machache na adui mkubwa, atasimama. Rafiki yake ndiye anayemuumbua mwandishi. Lugha yetu yenyewe imeshatenganisha aina: kuna mwandani, kuna mpambe, kuna mpambe nuksi, na siku hizi kuna chawa. Ukitaka kujua ubora wa hadithi ya mfululizo, anza kwa kuuliza huyu wa pembeni ni yupi kati ya hao.

Uwanja wangu wa kupimia ni Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ya BBC iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963, ikasimama 1989, ikarudi 2005. Steringi wake anaitwa Daktari, basi, hana jina jingine. (Hapa Moshi ukisema "Daktari kaondoka" watu wanadhani habari za hospitali ya KCMC.) Anasafiri katika wakati na anga kwa kibanda cha simu cha polisi, na akikaribia kufa anabadilika mwili, ndiyo maana waigizaji hubadilishwa na hadithi haikatiki. Kuanzia 2023 hadi 2025 alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali aliyekulia Uskoti, na kwetu sisi majirani hilo lilitosha kutukalisha mbele ya kioo. Marafiki wa Daktari wamepita kwa makumi. Wengine ni dhahabu, wengine ni bati lililopakwa rangi, na kwa wingi huo jicho hujifunza lenyewe.

Kipimo cha kwanza: mfunike. Weka kiganja juu ya sura yake kwenye kioo, kisha jiulize hadithi ingeishia wapi bila yeye. Ikiishia palepale, huyo ni fanicha. Kwa wasomaji wa vitabu vyetu mfano wa kufaulu ni Najum, rafiki wa Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mfunike Najum na Bwana Msa anabaki mzee mwenye kiko anayewaza kimya, nasi hatujui anawaza nini. Hata mlima wetu, Kilimanjaro, una mfano wake. Kila mtu anataja Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Kambini juu, kwenye baridi, alibaki peke yake mtu wa Pangani, Mwini Amani, akiwasubiri. Mfunike huyo uone hao wawili wanarudi kwenye hema la nani.

Aliyeanguka vibaya zaidi kwenye kipimo hiki ni Kamelion. Mwaka 1983 watengenezaji walipata roboti la kweli, si mtu aliyevishwa bati, wakaamua liwe rafiki wa Daktari. Roboti halikutii. Kulisogeza ilikuwa shida, kulisemesha shida, basi likawekwa kando, na hadithi baada ya hadithi zikapita bila lolote kupungua, mpaka 1984 lilipotolewa ili lipate kuuawa. Nimelihurumia kuliko nilivyolichukia. Lakini katika orodha yangu ya wabovu liko chini kabisa, kwa sababu hadithi zenyewe zilishatoa ushahidi kwamba halikuhitajika.

Swali ni kipimo cha pili, na hapa wengi hudanganyika. Rafiki wa steringi anauliza kwa niaba yetu. Ndiyo ajira yake. Ila kuna swali la kumfungulia mkubwa bomba la maneno ("Daktari, nini kile?") na kuna swali linalombana. Mel, rafiki wa Daktari wa 1986 na 1987, aliuliza la kwanza, na alipokosa la kuuliza alipiga kelele. Kelele zake zilikuwa kali kweli, koo lile la mwigizaji Bonnie Langford ni kipaji, lakini ukisikia yowe kila baada ya dakika kumi unaanza kumwonea huruma adui. Najum hakosei namna hiyo. Yeye hukosa kwa akili: anakusanya dalili zilezile unazoziona wewe msomaji, anazipanga vizuri, anafika mahali pasipo. Ukicheka unajicheka, maana na wewe ulikuwa njiani kwenda hukohuko. Rafiki akikosea kijinga tu, msomaji anamwacha nyuma, na akishaachwa nyuma hana kazi tena.

Nuru wa Joram Kiango, katika riwaya za Ben Mtobwa, ananisumbua kumpa alama. Ana ujasiri, anaingia hatarini kwa miguu yake, na Joram bila yeye hupungukiwa. Ila kalamu ya Mtobwa inapenda mno kumtazama kabla ya kumpa kazi. Uzuri wake unaingia mlangoni kwanza, yeye anafuata. Nampa alama za juu kwa alichofanya, nakata kwa namna alivyoletwa.

Niseme neno kuhusu kazi, maana ni alama inayopuuzwa. Rafiki mzuri aje na ujuzi aliotoka nao nyumbani, na ujuzi huo utumike. Sarah Jane Smith, aliyeingia 1973, alikuwa mwandishi wa habari na alichungulia kama mwandishi wa habari. Ace, msichana wa miaka ya 1987 hadi 1989, alijitengenezea baruti zake mwenyewe, na kuna siku alimpiga Dalek, adui mkongwe wa Daktari, kwa gongo la besiboli. Lakini mfano ninaoupenda ni wa Donna Noble, karani wa muda wa kutoka Chiswick, London. Mwaka 2008 wanajeshi na Daktari wanakichunguza kiwanda kwa mitambo yao, hawaoni kitu. Donna anaenda ofisi ya utumishi, anarudi na jalada tupu. Ni la ruhusa za ugonjwa. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyewahi kuumwa. Yeyote aliyekaa ofisini, awe wa halmashauri au wa chama cha ushirika, ananyanyuka kwenye kiti hapo: watu wasioumwa si watu. Daktari na akili zake za miaka mia tisa hakuliona, kwa sababu hajawahi kujaza fomu.

Sasa nifike kwenye kipimo chenyewe, ambacho hayo mengine yote ni vijukuu vyake. Je, anaweza kumwambia steringi hapana, na hapana yake ikashika?

Kwetu mlimani hili halihitaji kufafanuliwa. Mgeni amelipa fedha nyingi, amefika kambi ya Barafu, kichwa kinamgonga, anatapika, miguu inapishana, na bado anataka mita 5,895 zake. Chawa atamwambia "twende tu bosi, bado kidogo", maana anafikiria bahashishi. Kiongozi anayejua kazi atamwambia tunashuka, tena sasa hivi, akakubali kutukanwa kwa lugha tatu. Wapagazi na viongozi wanaoheshimiwa na wenzao nimewasikia wakisifiwa kwa watu waliowarudisha, kuliko kwa waliowafikisha.

Donna ni wa aina hiyo. Alipokutana na Daktari kwa mara ya kwanza, katika kipindi cha Krismasi 2006, alimwona akiwaangamiza adui bila kupepesa, akakataa kusafiri naye, na kabla hajaondoka akamwambia anahitaji mtu wa kumzuia. Aliporudi 2008 akawa huyo mtu. Pompeii, mlima wa volkano unakaribia kulipuka, Daktari anasema historia haiguswi, anaingia ndani ya kibanda chake. Donna hawezi kuizuia volkano, na anajua. Analia, anamsihi, aokoe japo familia moja tu. Daktari anageuka, anarudi, anawachukua wanne. Tazama ukubwa wa kilichoombwa: si mji, ni nyumba moja. Mwandishi dhaifu angempa hotuba juu ya ubinadamu, Daktari akainamisha kichwa, tukatoka tumechoka.

Na kama mtu bado anabisha, waandishi walifanya jaribio wenyewe. Mwaka 2009 Daktari aliachwa asafiri bila rafiki wa kudumu. Katika kipindi cha The Waters of Mars, kilichorushwa Novemba mwaka huo, anafika Mirihi, anawakuta watu ambao historia inasema lazima wafe, na safari hii anaamua sheria zote za wakati ni zake. Anawaokoa watatu kwa nguvu, anawarudisha duniani, anajitangaza mshindi. Mkuu wao, Adelaide Brooke, anamtazama, anaingia ndani ya nyumba yake, anajiua ili historia ikae sawa. Hakukuwa na mtu wa kumshika Daktari mkono dakika kumi kabla. Sijaona sifa kubwa zaidi ya rafiki wa steringi kuliko kipindi hicho ambacho hayumo.

Martha Jones, mwanafunzi wa udaktari wa 2007, alisema hapana ya aina nyingine. Alitembea duniani mwaka mzima kumwokoa Daktari, kisha akagundua anapenda mahali asipopendwa, akafunga mzigo akarudi kwao. Kila mtu humsifu Rose, rafiki mwingine wa Daktari, aliyelia ufukweni. Mimi nampa Martha kiti cha mbele. Leela, yule mwindaji mwenye kisu, naye alistahili kuondoka hivyo, lakini mwaka 1978 waliamua ghafla tu kwamba anaolewa na mlinzi ambaye hata hatukumwona akizungumza naye vizuri. Namna ya kuondoka huonyesha kama mwandishi alimheshimu mtu wake au alimpangisha chumba tu.

Hapo ndipo nagombana na binti wa dada yangu, anayesomea uuguzi na ndiye anayeniwekea vipindi kwenye kompyuta yake. Yeye anamtetea Adric, mvulana wa hisabati ambaye mimi simpendi: mjuaji, mnung'unikaji, mwepesi kuhamia upande wa adui akisifiwa. Mwaka 1982 walimuua. Alikuwa ndani ya meli inayoanguka, akijaribu kumaliza fumbo la mwisho la namba, na majina ya waigizaji yakapita bila muziki, juu ya beji yake iliyovunjika.

"Mjomba, hata wewe ulinyamaza," aliniambia.

Nilinyamaza kweli. Nikamwambia kifo hakimpandishi mtu daraja. Ule ni ujanja wa zamani wa banda la video, rafiki afe katikati ili tushtuke. Akasema basi mbona Adric hakufa kwa ajili ya steringi, alikufa kwa sababu alitaka kujua kama jibu lake lilikuwa sahihi. Sikuwa na la kujibu haraka. Nilimpandisha Adric nafasi mbili, akabaki chini ya yule mbwa wa chuma, K9.

Ugomvi wetu wa sasa ni Belinda Chandra, rafiki wa mwisho wa Gatwa, muuguzi kama atakavyokuwa binti huyu. Alianza vizuri ajabu mwaka 2025: hakutaka safari, alitaka kurudishwa nyumbani kazini, na alimwambia Daktari usoni kwamba hapendi kuchezewa. Nikasema huyu ni Donna mwingine. Kufika kipindi cha mwisho historia ikapindwa, akawa mama ambaye siku zote alikuwa anawahi nyumbani kwa mtoto, na ile hapana yake ikapewa sababu mpya nyuma ya mgongo wake. Binti anasema mama kuwahi kwa mtoto wake si dhambi. Mimi nasema hapana yake ya kwanza haikuhitaji sababu. Umeme ukakatika tukiwa hapo, akaenda kutafuta tochi, na mpaka leo alama ya Belinda haijajazwa.