Kazi na Dawa: Raha za Kila Siku katika "Wimbo wa Lawino"

Wasemao "kazi na dawa" hawakusudii dawa ya hospitali. Dawa yao ni lile jambo dogo liondoalo uchovu ili kazi iendelee: kikombe cha chai, mzaha, wimbo, mchezo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo, ambalo aghalabu hupitwa kwa haraka darasani, limekaa katikati ya "Wimbo wa Lawino" wa Okot p'Bitek, na kwamba mwalimu asiyeliona huwapa wanafunzi wake nusu ya kitabu.

Kwanza tumtazame mtunzi. Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931, akafariki Kampala mwaka 1982. Shairi lake alilitunga kwa Kiacholi, kisha akalifasiri mwenyewe kwa Kiingereza, nalo likachapishwa Nairobi mwaka 1966. Tafsiri ya Kiswahili, iliyo kazi ya Paul Sozigwa, ilitoka mwaka 1975. Inafaa kukumbuka pia kwamba Okot alifika Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya mpira ya Uganda, ndipo akabaki huko kusoma. Mtu aliyeingia chuo kikuu kwa mlango wa mchezo asingeweza kuudharau mchezo.

Shairi hili limezoeleka kufundishwa kama ugomvi wa mila na usasa: Lawino upande huu, mumewe Ocol upande ule. Dhamira hiyo imo, wala hatuikanushi. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuikariri na airudie ile sehemu inayohusu saa. Ocol ameleta nyumbani saa kubwa yenye kengele, na tangu siku hiyo hana nafasi. Hakai na watu jioni. Hatanii wala hataniwi. Mgeni akifika, uso wa mwenye nyumba hukunjamana. Hamkaribishi ndani, bali humwuliza ana shida gani. Mtoto akilia, baba hughadhibika. Lawino anaona wazi kwamba saa imekuwa bwana wa mume wake.

Hapa Okot amemchora mtu aliyechoka. Wahakiki wengi humwita Ocol msaliti wa utamaduni, na sisi tunaongeza kuwa ni mgonjwa. Ukali wake, chuki yake kwa kelele, na kukimbia kwake huku na huko ni dalili ambazo leo tungeziita msongo wa mawazo. Lawino hakusoma tiba, lakini ametambua maradhi kwa kutazama kilichokosekana: kicheko, mazungumzo, na subira ya kumsikiliza mtu.

Dawa yake ameitaja katika sehemu ya ngoma. Ngoma ya Kiacholi anayoisifu huchezwa uwanjani, mbele ya watu wote. Afya ya mwili na uzuri wa mchezaji huonekana. Ile ya kizungu huchezwa ndani ya jumba lililofungwa, penye moshi na ulevi. Kwa maoni yetu, tofauti hii inatupatia kipimo kizuri cha raha ya kweli. Raha inayomrudisha mtu kwa wenzake humwongezea nguvu. Raha inayomficha humwacha mchovu kuliko alivyokuwa.

Hata hivyo, kuna jambo tunalomlaumu Lawino. Anasema kana kwamba dawa hiyo hupatikana katika boma la wazazi wake tu, na kwamba usasa hauna chake isipokuwa uvundo. Sisi tunaofundisha Kisugu, kilima kilicho jirani na Muyenga na Namuwongo katika jiji la Kampala, hatuwezi kukubali hayo. Hapa wamechanganyika watu wa makabila mengi, vyumba ni finyu, na kipato cha wengi ni cha kubahatisha. Lakini jua likipungua ukali, wazee hukaa kivulini na ubao wa omweso, mchezo wa mashimo 32 na kete 64, ndugu wa bao la pwani. Wachezaji ni wawili, lakini watazamaji wanaweza kufika kumi, na kila mmoja ana shauri lake la kutoa. Kwenye kikaango cha chapati wateja hungoja huku wakitaniana. Hakuna aliyewafundisha kwamba hayo ni mapumziko, na gharama yake ni ndogo mno. Mtaa huohuo una vibanda vya kubashiri matokeo ya mpira, ambamo kila kijana hukodolea macho kioo chake na karatasi yake. Kipimo cha Lawino kinafaa basi hata mjini, ingawa mwenyewe hakukileta huku.

Ocol naye apewe haki yake. Zahanati, reli na mtihani haviendeshwi kwa kutazama kivuli cha mti. Kosa lake halikuwa kununua saa. Lilikuwa kuiachia saa jioni yake yote.

Jambo hili linatugusa sisi walimu kabla halijawagusa wanafunzi. Mwalimu aliyechoka hutambulikana kwa sauti yake kabla hajamaliza salamu, na mwanafunzi anayekutana na Kiswahili katika maswali na adhabu tu hujifunza kukiogopa. Nchini Uganda, ambako Kiswahili kilitambuliwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, bado wapo wengi wanaokihofu. Hatuwezi kuwavuta kwa uso wa Ocol.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba shairi hili lisomwe kwanza kwa sauti, darasa zima likipokezana, kabla ya swali lolote la dhamira kuulizwa. Sehemu ya ngoma isindikizwe kwa kupiga madawati, kwa kuwa kazi hii ilizaliwa katika masikio ya watu wanaocheza. Kisha kila mwanafunzi aandike insha fupi juu ya raha moja ya nyumbani kwao isiyonunuliwa kwa fedha. Mwalimu naye aziweke kando daftari za kusahihisha walau jioni moja katika juma, atoke nje, aamkiane na jirani zake. Daftari hazitakimbia, na kesho atazisoma kwa macho mapya.