Baobab LIMS: programu ni huru, lakini nani ataitunza?

Sisi Wakongomani tukisikia habari ya sampuli ya damu, tunakumbuka ile termosi ya mwaka 1976. Damu ya mgonjwa aliyetoka Yambuku ilitumwa toka Kinshasa mpaka Antwerp, na walipofungua, kichupa kimoja kilikuwa kimevunjika. Ndiyo Ebola ikajulikana. Kwa miaka mingi dunia ilijua majina ya waliopokea kuliko jina la Dokta Muyembe aliyeituma. Kwa hiyo nikisoma programu ya kufuata sampuli, swali langu la kwanza ni hili: nani anabaki na kaye?

Baobab LIMS ilitengenezwa Afrika ya Kusini, kwenye taasisi ya SANBI ya Chuo Kikuu cha Western Cape, ndani ya mradi B3Africa uliolipwa na Umoja wa Ulaya. Waliieleza kwa wasomi mwaka 2017. Unaiweka kwenye ordinatere ya labo yenu wenyewe, kwa hiyo data zinaweza kubaki kwenu. Hilo peke yake ni jambo kubwa.

Uzuri wake mwingine uko kwenye kuhifadhi. Kila kichupa kinapewa mahali pake: chumba gani, konjelatere gani, sanduku gani, shimo gani. Ukigawa damu moja katika vichupa sita, vyote sita vinabaki vinajulikana mama yao. Na mtu akikigusa, inaandikwa. Mahali nilipofanyia staji (sitapataja) tulikuwa na kaye moja na bic moja. Siku moja tukapata vichupa viwili vyenye namba 114, kimoja cha Jumatatu, kingine cha Alhamisi. Mkubwa wetu akavitazama vyote viwili, akavitupa. Kumbe kimoja kilikuwa cha mtoto. Mama yake alirudi kutolewa mtoto damu mara ya pili na hakuna aliyemweleza sababu. Programu kama hii ingekataa ile namba ya pili palepale.

Sasa kasoro. Kifaransa kinatofautisha libre na gratuit, na siye tuko na huru na bure. Baobab ni huru. Bure, hapana. Itahitaji mtu wa kuisimamia, etiketi zinazovumilia baridi ya digrii 80 chini ya zero, na batiri ya kushika ordinatere umeme ukikatika. Hayo tungeyapata kwa kusukumana. Linalonisumbua zaidi ni msingi wake. Ilijengwa juu ya Bika LIMS, nayo Waafrika ya Kusini ndio waliianzisha, na chini yake kuko Plone 4 na Python 2. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020: tundu la usalama likionekana leo, wenyewe hawazibi tena. Majina ya wagonjwa yanakaa juu ya msingi kama huo!

Wengine banasema ni kosa la wajenzi. Mimi siwalaumu sana. Mradi uko na tarehe ya kuisha, lakini damu ndani ya konjelatere inaweza kungoja miaka ishirini. Mfadhili alilipa kujenga. Kutunza hakuna aliyepanga vizuri. Ila kodi iko wazi, na hapo ndipo uhuru unapata maana: mtu wetu wa informatike anaweza kuifungua na kuihamisha kwenye msingi mpya bila kuomba ruhusa kwa mtu. Siyo kazi ya wikendi moja. Na tangu tumalize masomo, watu wa biomedikale na watu wa informatike tunasalimiana tu kwenye ndoa.

Anayetaka kuijaribu, asianze na wagonjwa wa kweli. Chukua kaye ya mwezi uliopita, ficha majina, ingiza mistari yote kwenye ordinatere isiyofungwa kwenye intaneti. Halafu hesabu ni mistari mingapi programu imekataa, na uniandikie hapa chini.