"Ile Ipi?": Uhakiki wa Maongezi ya Mpakani Murongo

Kila tunapozungumzia uhakiki katika kurasa hizi tunaanza na kitabu. Tunataja fani, tunataja maudhui, tunamkosoa mwandishi kwa msimamo wake, kisha tunafunga. Sina ugomvi na utaratibu huo, maana nami umenipatia maksi. Lakini katika makala haya nataka kuhakiki kazi isiyo na jalada, yaani maongezi ya watu wa Murongo wanapotoa maoni yao kuhusu pesa, habari, muziki na simu. Wapo wenzangu watakaosema hizo ni porojo tu. Mimi nasema ni uhakiki, tena mara nyingine umetuzidi sisi wa chuo.

Murongo iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera unapita hapo, na ng'ambo yake ni Kikagati, Uganda. Ukikaa kijiweni ukasema umeuza mkungu wa ndizi kwa elfu kumi, hakuna atakayekupongeza kabla hajauliza, "Ya wapi?" Tangu mwaka 1966, Tanzania na Uganda zilipoanza kutoa kila moja shilingi yake, jina limebaki moja na thamani ni mbili. Sisi tunaliita jambo hilo utata wa maana, tunalisoma darasani na kulijibia mtihani. Mtoto wa Murongo analisoma sokoni, na akikosea anarudi nyumbani na hasara.

Swali hilohilo wanalipeleka kwenye habari. Redio za pande zote mbili zinasikika, na mtu akija mbio na habari kwamba "inasemekana mpaka utafungwa", mzee mmoja tunayekaa naye humkatiza: "Nani kasema?" Nilipomuuliza kwa nini ana ubishi hivyo, alinijibu, "Mjukuu wangu, sisi tulikuwepo mwaka 1978. Amin anasema lake, Mwalimu anasema lake, na wewe una watoto wa kukimbiza. Utaacha kuuliza nani kasema?" Tazama basi. Kitenzi "inasemekana" kiko katika kauli ya kutendeka, na mtenda kafichwa. Mzee hajui jina la kauli hiyo, lakini anajua kwamba kuna mtu kajificha ndani yake.

Kwenye muziki ndiko kunakochemka. Vijana wa bodaboda wanasema "Salome" ni wimbo wa Diamond Platnumz na Rayvanny wa mwaka 2016. Kina mama wauza ndizi wanakuja juu: Salome ni wa Saida Karoli bwana, mwana Kagera mwenzetu, nyie mlikuwa bado mnanyonya! Hapo tena swali linakuwa, Salome yupi? Maoni yangu ni kwamba wote wana haki, ila kina mama wameona zaidi. Wimbo wa 2016 umejengwa juu ya ule wa kwanza na jina limebaki, lakini aliyemwita Salome mwanzo alikuwa mwanamke, na sasa wanaomwita ni wanaume wawili. Ukibadilisha anayeita, hata anayeitwa si yuleyule tena. Hilo ni suala la nafsineni, nami nililisikia kwa wauza ndizi kabla ya kulisoma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka fulani, msimu wa kahawa, shangazi yangu alipata ujumbe kwenye simu. Kila Mtanzania anaufahamu: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Shangazi akatuma sh. 80,000. Nilipopewa habari hiyo nilicheka, nikasema moyoni kwamba hayo ndiyo matokeo ya kutosoma. Leo ninaona haya kuandika hivyo.

Nirudi kwenye ujumbe wenyewe, niuhakiki kama tunavyohakiki shairi. Kwanza, hauna salamu. Kwetu mtu asiyesalimu ama ni mgomvi ama ni ndugu ambaye mmeachana sasa hivi tu, na msomaji huchagua la pili. Pili, jina limewekwa mwishoni kama ushahidi, kumbe ni mhusika wa kubuni. Tatu, na hapa ndipo penye ufundi wote, kuna neno "ile". Kiashiria hicho hutaja kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wanakijua tayari. Mwandishi hajui kitu. Anaacha nafasi, na msomaji anaijaza mwenyewe kwa deni lake.

Na deni lilikuwepo. Msimu wa kahawa huko kwetu kila mtu anadaiwa au anadai. Kuna waliouza butura, yaani waliokwisha kula pesa ya mlanguzi kahawa ikiwa bado shambani. Kuna vibarua wanaosubiri ujira wa kuchuma. Shangazi alikuwa anadaiwa na vibarua, na mmoja alikwishamwambia atampa namba. Kwa hiyo hakuwa mjinga. Alikuwa msomaji mwaminifu wa matini iliyoandikwa kwa hila. Pesa za simu zilianza Kenya mwaka 2007, zikaingia kwetu mwaka 2008, na mwizi naye akajifunza sarufi.

Kisa kilipofika kijiweni, yule mzee hakucheka. Aliuliza tu, "Ile ipi?" Maneno mawili! Mimi niliyekuwa na vitabu vya nadharia begini sikuwa nayo.

Sisemi kwamba kijiwe hakina kasoro. Yule mzee anaamini kila anayetumia simu kutunza pesa atalizwa siku moja, na hapo sikubaliani naye, maana ada yangu ya chuo ilipita humohumo. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kijiwe ni cha wanaume. Shangazi aliusoma ujumbe ule jikoni, peke yake, na swali la mzee lilimfikia pesa ikiwa imeshakwenda. Uhakiki usiomfikia anayeuhitaji unafanana sana na huu wetu unaoishia kwenye makabati ya maktaba.

Mwaka 1971 Farouk Topan alihariri kitabu alichokiita Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Miaka 30 baadaye Saida Karoli alituletea Chambua Kama Karanga. Neno ni lilelile: unavunja ganda, unatupa lililooza, unabakiza punje. Ninaloomba kwa walimu wetu ni dogo. Katika somo la uhakiki, wiki moja tu, tuweke mezani ujumbe wa simu, taarifa ya habari na maongezi ya sokoni, tuvichambue kwa umakini uleule tunaompa Kezilahabi. Asiyekubali anijibu katika toleo lijalo, nitafurahi kukosolewa.

Shangazi yeye alikwishaanza. Likizo iliyopita nilimpigia nikamwambia, "Shangazi shikamoo, ile pesa nimeipata." Kabla hajaitikia shikamoo yangu aliniuliza, "Ile ipi?"