Mwimbaji wa Fumba na Karani wa Tanga

Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert na kutolewa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, umezoewa kusomwa kama hadithi ya mnyonge aliyeinuka. Mtoto wa maskini azaliwa Fumba, afinyanga na kuuza vyungu, ahamia mjini, aimba, asafiri hata Bombay, apata heshima, afa akililiwa. Walimu hulipenda umbo hilo kwa kuwa lafundishika upesi. Na mwandishi mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuikwepa nafasi ya kutoa nasaha, amewasaidia sana. Walakini chini ya hadithi hiyo lipo jambo jingine ambalo halikupata kushughulikiwa vya kutosha, nalo ni habari ya msanii na watu wake: watu wa kusikiliza hupatikana wapi, na wakiisha kupatikana humfanya nini yule aliyewatafuta? Swali hilo lilimhusu Siti. Lilimhusu zaidi aliyemwandika.

Sehemu iliyo bora katika maisha hayo, na ambayo yastahili kukaliwa kitako kuliko safari ya Bombay, ni ile ya vyungu. Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake kabla yeye mwenyewe hajajua kusema. Ufinyanzi alijifunza kwa mama yake, akawa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti, hata watu wakamjua kwa mlio wake kabla hawajamwona. Basi wasikilizaji wake wa kwanza hawakuja kusikiliza, walikuja kununua. Jambo hili si dogo. Wasanii wengi huanza na sanaa, kisha hutafuta mtu wa kuipokea. Siti alianza na mtu mwenye haja ya chungu, na sauti ikawa chombo cha biashara. Mwenye kunadi hana amri juu ya mlango wa mtu. Akizidisha maneno, mlango hufungwa. Akitoa mlio ule ule kila siku, masikio huzoea na chungu hurudi nyumbani kichwani mwa mwenyewe. Alijifunza kwa miguu yake, katika njia za mchanga, habari ambayo mshairi wa mezani huipata uzeeni, au asiipate kabisa.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu wakati huo ilikuwa na heshima ya jumba la mfalme. Ilikuwa imekuja kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu, na klabu ya Ikhwan Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilikuwa ya waungwana wanaume. Siti alifundishwa muziki na Ali Muhsin, akajiunga na wapigaji kama Subeti Ambar, Mbaruk Talsam na Budda Swedi, na jina jipya la Siti, yaani bibi mwenye daraja, akalipata hapo mjini. Aliimba majumbani mwa wakubwa na katika jumba la Sultani pia. Lakini makazi ya sanaa yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa watu waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, wachukuzi, wapishi, madobi, wanawake waliouza maandazi. Nyumbani kwake palikuwa mahali pa kukutania usiku. Watu walikuja na habari za mchana: nani kashtakiwa, nani kaonewa, hakimu kasema nini. Habari hizo ziliingia katika nyimbo, na nyimbo zikaimbwa mbele ya wale wale waliozileta.

Wimbo wa Kijiti watosha kuwa mfano. Wahusu kuuawa kwa mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, na jinsi wanawake waliokuwa pamoja naye walivyoishia kuadhibiwa hali mwenye kutuhumiwa amekwisha toroka. Wimbo wa namna hiyo hauwezi kutungwa na mtu aliyejifungia. Mtungaji alihitaji kuletewa kisa, kusahihishwa na wenye kukijua, na kutazama nyuso ili ajue neno lipi limepenya na lipi limeanguka njiani. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Daftari lake lilikuwa vichwa vya wenzake. Hapo ndipo uhai wa ubunifu wake ulipokaa. Watu wake hawakuwa zawadi aliyopewa baada ya kazi, walikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Hata maadui walimletea mali ghafi. Mapokeo yamehifadhi kejeli aliyotungiwa na wapinzani, waliomkumbusha alivyoingia mjini bila cheo na bila nguo ya thamani, na yamehifadhi jibu lake, kwamba uzuri wa sura si hoja mbele ya akili na tabia. Wote wawili, mwenye kutukana na mwenye kujibu, walijua kwamba mji mzima utasikia kabla ya mwisho wa juma. Msanii anayeweza kutukanwa kwa beti, na kujibu kwa beti, amekwisha kupata watu.

Sasa na atazamwe mwandishi. Siti alipokufa, tarehe 8 Julai 1950, Shaaban Robert alikuwa na umri wa miaka 41, karani wa serikali katika Tanga. Nyuma yake ilikuwako miaka 18 ya kazi ya forodha, tangu 1926 mpaka 1944, na uhamisho wa hapa na pale. Vitabu vyake vilivyokuwa vimepigwa chapa vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kufikirika, kilichotungwa katika miaka ya arobaini, hakikutoka hata mtungaji alipofariki Juni 1962. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000 juu ya vita vya 1939 hadi 1945, ulipigwa chapa mwaka 1967. Mtu huyu aliandika usiku, baada ya saa za kazi, akapeleka miswada kwa wachapaji wa mbali, na baadhi ya mashairi na insha zake vikatolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand huko Afrika ya Kusini, mahali ambapo watu wa Tanga hawakuwa na njia nyepesi ya kuvinunua. Mwishoni mwa maisha yake alichapisha mwenyewe baadhi ya kazi zake hapo Tanga, kwa jina la Art and Literature. Ni dhahiri kwamba mtu hawi mchapaji wa vitabu vyake uzeeni kwa kupenda harufu ya wino.

Si kweli, hata hivyo, kwamba hakuwa na watu kabisa. Magazeti ya Kiswahili, na hasa Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, yalikuwa na kurasa za mashairi ambamo mtu wa Tanga aliweza kuuliza na mtu wa Lindi akajibu kwa vina vile vile. Kurasa hizo zilikuwa karibu sana na nyumba ya Ng'ambo kuliko kitabu chochote. Tofauti ni kwamba kati ya ubeti na jibu ulipita mwezi mmoja au zaidi, na katikati alikaa mhariri, naye alikuwa mtumishi wa serikali.

Ni vema kukisoma Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kwa kukumbuka hali hiyo. Kitabu hicho husomwa kama hoja juu ya sheria na utawala wa kigeni, na usomaji huo ni wa haki. Lakini umbo lake lina siri nyingine. Karama ashtakiwa barazani, aomba kusikilizwa, apewa siku sita. Kwa siku sita mfalme, mawaziri na umati wote hawana ruhusa ya kuondoka. Kila siku mshtakiwa asimulia habari za mjumbe mmoja, Buruhani, Fadhili na wenzao, aliyesafiri mbali, akarudi na mambo ya manufaa, akatiwa gerezani bila ya mtu kumsikiliza. Ni nani mwenye kuota ndoto ya wasikilizaji waliolazimishwa kukaa, ila mtu aliyepeleka mizigo yake mlango kwa mlango na mlango usifunguliwe? Wajumbe sita wamefanana mno na miswada.

Kwa hiyo Shaaban Robert alipokutana na Siti katika siku za mwisho za maisha ya mwimbaji huyo, hakukutana na kisa cha kuandikia tu. Alikutana na mtu asiyejua herufi aliyepata yote ambayo herufi zilikuwa bado kumpa yeye. Husuda ni neno zito, na hakuna mstari wa kitabu unaolithibitisha. Adabu ya mwandishi kwa bibi huyu ni safi. Kilichoko ni aina ya upofu. Akijaribu kueleza kwa nini Siti alipendwa, mwandishi huishika tabia: subira yake, upole wake, ukarimu, bidii. Fadhila hizo hazikanushwi. Lakini Shaaban Robert mwenyewe alikuwa na subira isiyo kifani, na bidii, na upole, na haikumpa Ng'ambo. Lau tabia ingetosha, yule karani asingekuwa na haja ya kupiga chapa vitabu vyake mwenyewe. Kitabu kimeipa tabia kazi iliyofanywa na masikio ya watu, na kwa sababu hiyo nyimbo ndani yake huonekana kama lulu zilizokwisha kuoshwa. Msomaji haonyeshwi sana chaza, wala wapiga mbizi.

Safari ya Bombay yahitaji kutazamwa kwa jicho hilo pia. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda kuimbia santuri za His Master's Voice, na Laura Fair, katika uchunguzi wake uliotoka mwaka 2001, aonyesha kwamba kufikia 1931 santuri zao zilizouzwa zilipita 70,000. Hesabu hiyo ni ya ajabu kwa lugha ambayo wakuu wa biashara walikuwa hawajaithamini, na Columbia nayo ikaja kutafuta sauti Unguja. Wasifu huiona Bombay kuwa kilele. Yaweza kusemwa kinyume, kwamba ndipo mahali ambapo Siti alionja kwa mara ya kwanza hali ya Shaaban Robert: kusema na watu asiowaona, mbele ya chombo kisichojibu, na neno likiisha kutoka halirekebishiki. Santuri ilimpeleka Mombasa, Lamu na mbali zaidi, ikamfanya asikike na watu ambao hawangeweza kumletea kisa hata kimoja. Aliyemwokoa na hatari hiyo hakuwa mchapaji wa santuri. Aliokolewa na kurudi Ng'ambo, kwa wale wale wa jana, ambao hawakuvutiwa kupita kiasi na habari za Bara Hindi na walitaka wimbo wa juma hili.

Je, upweke ulimwua Shaaban Robert? Haukumwua, na hapa ndipo hukumu yapasa kuwa ya uangalifu. Mtu asiye na wa kumjibu ana uhuru ambao mwimbaji wa mtaa hana. Siti asingeweza kuimba beti 3,000 juu ya vita vya dunia. Watu wangekwenda zao kulala. Upana wa fikira katika Kusadikika, na ule ujasiri wa kuwasemesha watu ambao walikuwa hawajazaliwa, ni matunda ya chumba kitupu. Lakini chumba kitupu hudai malipo. Mwandishi wa Adili na Nduguze na wa insha nyingi ana desturi ya kusema jambo mara tatu, kwa methali, kwa mfano, kisha kwa nasaha, kama mtu asiye na hakika kwamba aliyeko upande wa pili amesikia. Wahakiki wameita desturi hiyo ualimu, au urithi wa mashairi ya adili ya pwani. Ni hivyo kwa sehemu. Kwa sehemu nyingine ni sauti ya mwenye kunadi ambaye haoni mlango, hivyo hana njia ya kujua wakati wa kunyamaza. Siti aliona milango tangu utoto. Nyimbo zake fupi zina ukali kwa sababu hiyo hasa.

Lipo jambo la mwisho katika Wasifu ambalo hugusa moyo kuliko sifa zote, na yaelekea mwandishi hakulikusudia. Akinukuu nyimbo, huziandika beti kwa beti, zimepangwa sawasawa kama mashairi ya gazeti, hazina kiitikio cha wenzake, hazina udi wa Subeti wala zumari ya mtu mwingine, hazina kelele ya waliokuwa wakimtunza. Zilitokea hivyo mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake, katika jarida lililosomwa na wataalamu wa lugha. Mwimbaji wa wachukuzi na wauza maandazi akafikishwa kwa wasomaji wa karani wa Tanga, waliokuwa wachache, wenye heshima, na wasiojibu.