Herufi Moja na Tarakimu Tatu

Hospitalini mpasuaji husifiwa, mkunga huombewa dua, hata fundi wa plasta hukumbukwa mfupa ukiunga vizuri. Lakini anayekaa na madaktari tarajali baada ya raundi, akawafundisha kuandika ugonjwa kwa msimbo wake sahihi kwenye fomu ya madai ya bima, hana wa kumshukuru. Wengi humhesabu upande wa makarani. Mimi namhesabu upande wa matabibu.

Msimbo wenyewe ni kitu kidogo: herufi moja, tarakimu mbili, nukta, tarakimu moja. Orodha ya kimataifa ya misimbo hiyo haikuzaliwa kwenye ofisi ya bima. Ilianza kwa kuhesabu wafu. Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha mbele ya wanatakwimu mjini Chicago mwaka 1893, ili vifo vya nchi moja viweze kulinganishwa na vya nchi nyingine. Magonjwa ya walio hai yaliingizwa mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipoichukua, na toleo la kumi, ambalo madaktari wengi wa leo ndilo walilokulia, lilipitishwa mwaka 1990. Fedha zilidandia njiani. Ndiyo maana mwalimu anayeijua kazi haanzi na fedha.

Niliyemshuhudia mimi, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, alianza na faili. Alilifunika jina la mgonjwa kwa kiganja, akasoma: kijana wa bodaboda, homa siku tatu, kichwa kinauma, kipimo cha haraka cha malaria hasi, na kwenye hadubini hakikuonekana kimelea. Akawaambia waandike ugonjwa. Karibu wote waliandika malaria.

“Malaria mmeipata wapi?”

Wakatazamana. Mmoja akajikaza: “Dokta, tukiandika homa tu, bima watakata dawa mseto ya malaria.”

“Na dawa mseto ulimwandikia ya nini?”

Hakuwakaripia. Aliwafungulia kitabu. Malaria ya falsiparamu ni B50, na ikipanda kichwani ni B50.0. Ipo pia B54, malaria aliyoiona daktari kwa macho bila kimelea kuthibitishwa. Orodha yenyewe inakiri kwamba kuna siku kipimo hakipo. Ila kijana huyu alipimwa, tena mara mbili. Wake ulikuwa R50.9, homa isiyojulikana chanzo. Darasa lilinung'unika, kwa kuwa daktari mchanga huona aibu kuandika kwamba hajui. Mwalimu akasema misimbo ya R, sura nzima ya dalili, imewekwa kwa ajili ya mtu mkweli ambaye bado anatafuta. Anayeandika malaria amefunga faili, na homa ya matumbo, kama ndiyo iliyomo, itamsubiri mgonjwa nyumbani. Isitoshe, malaria hiyo ya kwenye karatasi huingia kwenye ripoti ya MTUHA, mfumo wa takwimu za afya, na wilayani wakaagiza dawa za ugonjwa ambao haukuwepo.

Jaribu la kupandisha ugonjwa lipo, tusidanganyane. Mafua, J00, huamka asubuhi yakiwa nimonia, J18.9, ili kitanda na sindano vilipwe. Huo ni wizi, hata ukifanywa kwa kumhurumia mgonjwa au kuinusuru hospitali isiyo na fedha. Kinachosahaulika ni upande wa pili. Madaktari wengi hujipunja kwa uvivu wa kalamu. Mama ana presha ya miaka mingi, moyo umechoka, miguu imevimba, amelazwa wiki nzima kwa oksijeni na dawa za kukojoza, kisha kwenye fomu inaandikwa I10, presha ya kupanda tu. Mhakiki wa madai anashangaa presha gani hii inayokula oksijeni, anakata. Ugonjwa wake una msimbo, I11.0, presha iliyouangusha moyo, na haukuhitaji uongo wowote. Nimesikia hospitali nyingi zikiilaani bima kwa makato, na mara nyingine zina haki. Ila mengine yalianzia mezani pa daktari aliyekuwa na haraka ya kwenda chai.

Usahihi nao una upuuzi wake. Wamarekani, walioanza kutumia toleo lao pana la orodha hii tarehe 1 Oktoba 2015, wana msimbo wa mtu aliyegongwa na bata, W61.62. Tusicheke sana. Aliyeumwa na nyoka kwetu anahitaji misimbo miwili, T63.0 ya sumu iliyomo mwilini na X20 ya nyoka mwenyewe, na wengi huandika jeraha la mguu, basi.

Toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 2022, na umbo la misimbo limebadilika kabisa: kisukari aina ya pili, kilichokuwa E11, sasa ni 5A11. Aliyefundishwa kukariri ataanza upya. Mwalimu wangu huyo hakariri. Hata E11 huifungua kitabuni, kwa makusudi, wanafunzi wakimwona.

Faili la mwisho siku ile lilikuwa la mzee mwenye kidonda cha mguu. Tarajali alikuwa ameandika E14, kisukari kisichotajwa aina. Mwalimu akamuuliza aina. Akaijua, ya pili. Akamuuliza nukta ngapi. Nukta tisa ni kisukari kisicho na madhara, na hiki kilikuwa na kidonda. Nukta tano ni kilichoharibu mishipa ya damu. “Mishipa umeipima?” Hakuwa ameipima. Alirudi wodini akapapasa mapigo juu ya unyayo, kushoto akayapata, kulia hakuyapata, akarudi kwa mwendo wa haraka kuliko aliokwenda nao. Hapo ndipo ilipoandikwa karatasi ya kumwita daktari wa upasuaji, ambayo ilipaswa kuandikwa siku mzee alipolazwa.