Kahawa ni nzuri, jina ndilo lina shida

Wandugu wa ukurasa, leo siongelei kitabu wala filamu. Naongelea sashe ya kahawa, gramu 250, iliyokarangwa hapa hapa Kisangani, katika parsele moja ya Makiso. Mbele yake imeandikwa kwa herufi kubwa: «Café décaféiné». Jina la wenye kuitengeneza siliweki. Ni watu watatu na pipa moja la chuma linalozungushwa kwa mkono juu ya makala, na sitaki kuvunja kazi ya watu watatu. Lakini sashe iko sokoni, inauzwa, kwa hiyo inapimwa kama kitu kingine chochote.

Nianze na mazuri, juu ni mengi. Ni robusta ya upande wa Yangambi. Punje zimechaguliwa vizuri: sikupata jiwe, sikupata kijiti, sikupata punje iliyooza. Ukifungua, harufu inafika mpaka kwa jirani. Kwenye kikombe ni nzito, chungu kama kakao isiyo na sukari, na nyuma yake kuna kitu kama karanga iliyoungua kidogo. Ukitia maziwa ya unga haipotei. Sisi tuliosoma UNIKIS tukikesha na kahawa ya unga ya kopo, ile ya kuyeyusha katika maji ya moto, tunajua tofauti. Hii ni kahawa ya kweli.

Sasa shida. Sikuinunua juu yangu. Niliinunua juu ya mama. Mama ana tansiyo, na usingizi wake ni mwepesi. Dokta alimwambia aache kahawa, na mama anayekunywa kahawa kila asubuhi tangu ujana wake aliona kama amefiwa. Nilipoona ile sashe nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Nikampelekea. Siku ya tatu akaniambia: «Mwanangu, hii kahawa yako iko inanikesheza. Moyo unapiga kama ngoma.»

Nikarudi kwa mwenye kukaranga. Ni mzee mwenye heshima, alinipa kiti.

– Papa, ile kafeini munaiondoa namna gani?

– Mwana, sisi tunakaranga mpaka inakuwa nyeusi kabisa. Kafeini yote inatoka na moshi.

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini. Na ndiyo maana naandika, juu wengi wetu wenye diploma tunaamini vile vile.

Moto hauondoi kafeini. Ukikaranga, punje inapoteza maji na uzito, inabadilisha rangi na harufu, lakini kafeini inabaki karibu yote. Na ulimi hauwezi kutuokoa: kafeini inaleta sehemu ndogo tu ya uchungu wa kahawa, mwingine mwingi unatoka kwenye moto. Kahawa nyeusi sana inaweza kuonekana kali au tulivu, na kafeini yake ni ile ile.

Kafeini inaondolewa mbele ya kukaranga, punje ikiwa bado mbichi. Mjerumani Runge aliitenga kafeini mara ya kwanza katika mwaka wa 1819. Katika mwaka wa 1906, huko Bremen, Ludwig Roselius alianzisha kampuni ya Kaffee HAG: alilowesha punje kwa mvuke na maji ya chumvi, halafu akatoa kafeini kwa benzini, kitu ambacho leo tunajua kinaleta kansa. Siku hizi kuna njia nyingine: dawa nyingine za kuyeyusha, maji yanayopitishwa kwenye kaboni, ama gazi ya kaboni chini ya mkandamizo mkubwa sana. Zote zinataka kiwanda. Hata wakarangaji wadogo wa Ulaya hawaondoi kafeini wenyewe; wananunua punje mbichi ambayo imeshaondolewa kafeini, kisha wanaikaranga. Kazi yao ni kuilinda: ile punje inafika ikiwa tayari ya rangi ya kahawia, inaungua upesi, mafuta yake yanatoka mapema, na inazeeka mbio. Kuikaranga vizuri ni ufundi wa pekee.

Tufanye hesabu. Robusta iko na kafeini ya kama 2 kwa 100, mara nyingi zaidi. Arabika, ile ya Kivu, iko karibu na 1,2. Gramu 10 za robusta ni kama miligramu 200. Za arabika ni kama 120. Katika inchi nyingi za Ulaya, kahawa iliyokarangwa haiitwi dekafeine kama inapita 0,1 kwa 100, yaani miligramu 10 katika zile gramu 10. Kwa hiyo mama, niliyetaka kumlinda, nilimpa kahawa yenye kafeini nyingi kuliko arabika ya kawaida. Kosa ni la sashe, na ni langu pia: sikuuliza mbele ya kulipa.

Kinachoniuma zaidi ni mahali penyewe. Yangambi iko kama kilometa 100 kutoka hapa, ukifuata mto kwenda chini. INEAC ilianzishwa katika mwaka wa 1933, na Yangambi ndiyo ilikuwa kituo chake kikubwa. Robusta ilichaguliwa na kuboreshwa pale, na leo INERA ingali inatunza miti ya mkusanyo. Robusta ni mti wa misitu hii yetu. Na sisi, watoto wa hapa, tunashindwa kuandika ukweli kwenye karatasi ya sashe yake.

Kwa hiyo hukumu yangu: kahawa, nainunua tena, ya kunywa mimi mwenyewe. Jina, liondolewe. Papa aandike «Robusta ya Yangambi, imekarangwa sana», aongeze tarehe ya kukaranga. Itauzwa vizuri bila uongo. Nilimwambia hivyo kwa heshima. Alinyamaza, akaangalia zile sashe zilizobaki juu ya meza, akaniuliza kuchapisha mpya ni franga ngapi. Swali hilo ni la haki, na sikuwa na jibu.

Mama amerudi kwa chai ya mchaichai. Bado ananung’unika.

Nyinyi muliofanya kimia, munakumbuka ile travo pratike ya kutoa kafeini? Niko na sashe moja haijafunguliwa. Mwenye laboratware na asubuhi moja ya bure aniandikie hapa chini. Na mwenye kujua bei ya kuchapisha etiketi, naye aandike.