Jino Lililonyamaza na Uvimbe wa Chini ya Taya

Nyumbani, ugonjwa wa jino hupimwa kwa kilio. Mgonjwa akikesha analia, apelekwe kwa daktari, akilala, amepona. Kipimo hiki kinapotosha, na kimewahi kugharimu maisha. Maumivu makali mara nyingi hutoka kwenye kiini cha jino kilichovimba ndani ya kuta zisizotanuka. Kiini kikifa, maumivu hutulia, lakini bakteria wamo, wanashuka hadi ncha ya mzizi, na huko usaha unaanza kukusanyika.

La muhimu ni usaha huo utatokea wapi. Kwenye meno ya mbele mara nyingi hutunga jipu kwenye ufizi, likaonekana mapema. Magego ya pili na ya tatu ya chini ndiyo yanayonitia hofu. Mizizi yake kwa kawaida huishia chini ya pale msuli wa sakafu ya kinywa uliposhikana na taya. Usaha ukitoboa mfupa upande wa ndani, unaangukia shingoni. Ukienea pande zote mbili, ulimi husukumwa juu na nyuma mpaka njia ya hewa ikabanwa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliieleza hali hiyo mwaka 1836, na bado inaitwa kwa jina lake. Kabla ya antibiotiki, wengi walioipata walikufa.

Ndiyo maana daktari mzoefu hulitazama jino mwisho. Kwanza anamsikiliza mgonjwa: sauti imekuwa nzito? Anameza mate au yanamtiririka? Anaweza kulala chali? Kisha humwambia apanue kinywa. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima. Kinywa kikigoma kufunguka, huenda maambukizi yamefika kwenye misuli ya kutafunia. Halafu anapapasa ukingo wa chini wa taya. Usiposhikika kwa uvimbe, usaha huenda umeshashuka.

Asiyeweza kumeza mate, anayepumua kwa shida au ambaye ulimi wake umeinuka, asipelekwe kliniki ya meno ya mtaani. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni, au unaoambatana na homa, nao hausubiri asubuhi. Mwenye kisukari awahi zaidi, kwa kuwa maambukizi humwendea kasi.

Kinachonisikitisha ni ile imani kwamba jino halitibiwi mpaka uvimbe uishe. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na amoksilini ya duka la dawa, naye anangoja. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya usaha damu haipiti. Usaha lazima utolewe, na chanzo kiondolewe kwa kusafisha mizizi au kung'oa jino. Ni kweli kwamba ganzi hushika kwa taabu penye usaha, lakini daktari anaweza kuichoma mbali kidogo, kwenye shina la neva, na kazi ikafanyika siku hiyohiyo.